Geti Lisiloisha Kutengenezwa

Nimestaafu mwezi uliopita, na tayari mmenipigia simu mara nyingi kuliko watoto wangu. Faili la fulani liko wapi, ile mashine ya presha ya zamani inafungwaje, funguo za stoo nilimwachia nani. Na Kevin, ambaye ndiye mkubwa wa kliniki sasa, hachoki kuuliza swali moja: ni nani aliyeligonga geti jipya? Basi nimeona niandike yote mara moja, msome, mniache nipalilie sukuma wiki yangu kwa amani. Habari za vyeo na mshahara sitaandika. Hazikuwa nyingi.

Mimi ni mtoto wa Kawangware, wa zile familia zilizokuwa na shamba pale kabla mabati hayajafika. Ndugu zangu walijenga vyumba wakapangisha, na hadi leo hawaelewi kwa nini nilikuwa nikiamka kila asubuhi kwenda Kibera kushika mikono ya watu nikitafuta mapigo ya moyo. Siku ya kwanza nilifika kliniki ya Sarang'ombe, humo Kibera, na viatu vyeupe. Mvua ilikuwa imenyesha. Sista Adhiambo, aliyekuwa mkubwa wa wauguzi, aliviangalia hivyo viatu, akaniambia, "Hivyo tia kwa mfuko urudishe nyumbani. Utavivaa siku ya harusi." Akanipa gambuti, buti za mpira, za mtu aliyekuwa ameacha kazi wiki hiyo. Zilikuwa kubwa, na sikuthubutu kuuliza kwa nini mwenyewe aliacha kazi.

Sista Adhiambo alinifundisha mambo mawili ambayo vitabu havikunifundisha. La kwanza: "Mtu wa Kibera usimuulize kama anaumwa. Atakwambia yuko sawa, ana kazi ya kuwahi. Muulize amesimama mara ngapi kutoka kwake hadi hapa." La pili: "Ripoti inasomwa kutoka juu. Aliyeiandika hakuwa mjinga kuanzia huko." La kwanza nililishika tangu siku hiyo. La pili nililisahau mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo imenifanya niandike haya.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Mashine ya presha ya zebaki ambayo kifuniko chake tulikifunga kwa mpira wa baiskeli. Mashine ya kupima mdundo wa moyo, iliyokula karatasi kuliko ilivyotoa majibu. Na masanduku mawili ya chuma ya kuwekea kadi: moja la wagonjwa wa kurudi kila mwezi, lingine la walioruhusiwa kwenda zao. Masanduku hayo alitutengenezea Fundi Musyoka, mtu wa Machakos mwenye karakana yake Kambi Muru, humo humo Kibera. Milango, madirisha, mageti, yote ni yeye. Hata geti la kliniki, lile la zamani, lilikuwa kazi yake. Alikuwa mtu wa maneno machache na kujivunia mkono wake, na akikuona umefunga mlango kwa nguvu alikuwa anakuangalia kama umempiga mtoto wake.

Miaka minane iliyopita akaja kliniki bila vifaa, ameshika kifua. Nilimuuliza amesimama mara ngapi njiani. Akasema tatu. Karatasi ya moyo ikatoka na mistari ambayo sikuipenda, tukamwandikia barua ya hospitali kubwa, naye akangoja zamu yake miezi, akimeza dawa tulizompa. Huko walimwingizia mrija mwembamba kwenye mkono, wakasukuma dawa ya rangi hadi kwenye mishipa ya moyo, wakapiga picha ikitembea. Akarudi kwetu na bahasha, na ndani yake ripoti na CD ya hizo picha. Walimwambia tu ampelekee Sista wake, yaani mimi, nimweleze.

Sasa nisikilizeni. Ilikuwa Jumanne, foleni imefika getini, na mtoto mmoja alikuwa amenitapikia. Nikafungua ripoti nikaenda moja kwa moja kwa mstari wa mwisho, kama tunavyofanya sisi sote, na msijifanye. Mstari ulisema hakuna mshipa ulioziba. Nikamwambia, "Fundi, mishipa iko wazi kabisa. Nenda ukamshukuru Mungu." Nikapiga muhuri, nikabaki na ripoti, nikamrudishia CD, nikaitoa kadi yake kwenye sanduku la kurudi nikaitia kwenye la walioruhusiwa. Wakati wote huo hata kukaa chini sikukaa.

Na Musyoka ni mtu wa kufuata maagizo. Akaenda akamshukuru Mungu.

Kama hamjawahi kualikwa kwenye shukrani ya Wakamba wa kanisa la Musyoka, mmekosa. Mbuzi wawili, mchele, kwaya yenye sare mpya. Mimi nikaalikwa kama mgeni wa heshima, nikaketishwa mbele kwenye kiti cha plastiki chenye kitambaa. Kuna desturi moja pale ambayo haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua: ukishasimama ukashuhudia kwamba umeponywa, huonekani tena kwenye foleni ya hospitali kwa ugonjwa uleule. Ukionekana, wewe ni mwongo, au mchungaji aliyekuombea ndiye mwongo, na hakuna anayetaka kuchagua. Mama Ndinda, kiongozi wa kwaya, amekuja kwetu na goti lake mwaka baada ya mwaka bila lawama, kwa sababu hilo goti hajalitolea ushuhuda.

Musyoka akasimama na suti yake, akasema alivyougua na alivyofunguliwa. Kisha mchungaji, aliyekuwa kijana wa kupenda mashine, akaweka ile CD, na moyo wa Musyoka ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango, unapiga. Rangi ikaanza kuingia kwenye mishipa. Kwaya ikaimba. "Mnaona? Iko wazi!" mchungaji akasema, na watu wakapiga makofi.

Mimi nikaacha kupiga makofi. Nilikuwa nimewahi kusindikiza wagonjwa hospitali kubwa na kuona picha za namna ile kupitia kioo. Kwa wale wengine rangi ilikuwa inapita mara moja, kama chai iliyomwagika mezani. Ya Musyoka ilikuwa inajivuta kama uji mzito. Kwaya ilimaliza ubeti mzima kabla rangi haijafika mwisho. Nikala ule mchele, na nyama pia, lakini sikumbuki ladha yake.

Jumatatu asubuhi nikaitoa ile ripoti sandukuni, nikaisoma kutoka juu. Mstari wa nne: damu inatembea polepole katika mishipa yote mitatu. Mstari wa tano: aendelee na dawa, afuatiliwe kliniki. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi zilezile kubwa za mstari wa mwisho. Nilijikasirikia hata nikashindwa kunywa chai.

Nikaomba ruhusa nikaenda hospitali kumtafuta daktari wa moyo aliyeiandika. Alikuwa kijana mpole, anaongea chini chini kama aliye maktaba. Nikamuuliza, "Daktari, huyu mtu ni mgonjwa au si mgonjwa?"

"Ni mgonjwa," akasema. "Mishipa mikubwa haijabana mahali. Lakini damu inachelewa, na tunafikiri shida iko kwa mishipa midogo ambayo picha haituonyeshi vizuri."

"Na mbele yake kukoje? Miaka kumi, ishirini?"

"Wengi wanaishi miaka mingi, Sista. Lakini kifua hurudi kuuma. Wengine wanalazwa tena na tena, na wachache moyo unawashtukia vibaya. Hatuwezi kujua mapema ni nani. Ndiyo maana tunawafuata wote."

"Hadi lini?"

"Hadi mwisho. Si dozi ya kumaliza."

Nilitoka pale nimeudhika, na sikujua niudhike na nani. Ugonjwa wa mshipa ulioziba una heshima yake. Watu wanakuletea matunda, unapewa kiti. Huu wa damu kuchelewa, mtu anaambiwa mishipa yake ni mizuri, kisha anaachiwa maumivu yake, na akilalamika anaitwa mvivu. Mtaona wengi hawa. Wanazungushwa, wanapewa dawa za asidi ya tumbo, wanaambiwa ni mawazo. Msiwe nyinyi mnaowaambia hivyo.

Nikaenda Kambi Muru. Musyoka alikuwa anachomelea dirisha.

"Sasa, Sista," akasema. "Unataka mlango?"

"Nilisoma ripoti yako vibaya. Nilisoma mwisho tu. Damu yako inatembea polepole. Zile dawa hukupaswa kuacha, na kliniki unapaswa kuja kila mwezi."

Akavua miwani ya kuchomelea, akaipangusa, akaichunguza. "Si ni wewe uliniambia niende nishukuru?"

"Ni mimi."

"Na nimeshukuru. Mbele ya watu. Ulikuwa hapo, ulikula mbuzi."

"Nilikula."

"Sasa nikuje nikae kwa hiyo benchi yenu Jumanne, na nusu ya kwaya iko hapo? Watasema nilidanganya Mungu. Na mchungaji ataambia watu nini? Hapana, Sista. Mi niko sawa."

"Kutoka kwako hadi hapa unasimama mara ngapi?"

Akaangalia mikono yake. "Mbili. Lakini nasimama kusalimia watu."

Nilibembeleza, nikafoka, nikamtajia mke wake Mwende na watoto. Hakusogea. Nilipokuwa naondoka na hasira yangu, jambo likanijia, nikageuka. "Fundi, geti letu linakwaruza. Uje Jumanne ya kwanza ya mwezi ulitengeneze."

"Hiyo geti iko sawa. Niliitengeneza mimi."

"Fundi. Geti linakwaruza."

Akarudisha miwani machoni, akasema, "Nitakuja na grisi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka saba. Jumanne ya kwanza ya kila mwezi Musyoka aliingia na sanduku lake la vifaa, akasalimia benchi yote, akapaka grisi kwenye bawaba, hizo mnazoziita hinji, kisha akaingia stoo "kutafuta kitambaa". Humo, kati ya makatoni ya glavu, nilimpima presha, nikamsikiliza moyo, nikamuuliza amesimama mara ngapi, nikampa dawa akazitia chini ya misumari. Kadi yake niliirudisha kwenye sanduku la wa kurudi, lakini nyuma kabisa, imegeuzwa. Kwenye daftari la matengenezo niliandika: geti limepakwa grisi. Amenipa ruhusa kuyaandika haya, kwa sharti moja, niseme kwamba bawaba zake hazikuwahi kuwa na kasoro. Nimesema.

Haikuwa miaka ya raha. Kifua kilirudi kuuma, kama daktari alivyosema, hasa asubuhi za baridi na siku za kunyanyua vyuma. Mara mbili alilazwa, na mara zote mbili kanisa liliambiwa ameenda Machakos kuona mama. Huyo mama aliombewa sana. Tulibadilisha dawa, tukapunguza chumvi, tukamkataza kunyanyua mageti peke yake. Sigara alikuwa ameacha tangu alipookoka, na hapo sina budi kusema mchungaji alifanya kazi kubwa kuliko mimi. Mwaka baada ya mwaka aliishi, akafanya kazi, akasomesha watoto. Hayo ndiyo matumaini ya ugonjwa huu, kama mnataka kujua: si kupona, ni kufuatiliwa na mtu asiyechoka. Mimi nilichoka mara nyingi, lakini Jumanne ilikuwa inafika hata hivyo.

Kisha akaja Kevin. Kijana mzuri, msafi, mwenye kompyuta. Alilisoma lile daftari la matengenezo lote, jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kufanya, akanijia. "Mathe, kwani hii geti ni ndege? Kila mwezi service?"

"Ni geti la zamani," nikasema.

Ningemwambia ukweli. Lakini nilikuwa nimemwahidi Musyoka kwamba ni sisi wawili na Mwende tu, na nilikuwa nimezoea siri yangu kama mtu anavyozoea jino bovu. Hilo nalo ni kosa, na ni kubwa kuliko lile la ripoti. Mgonjwa wa kufuatiliwa hadi mwisho hawezi kuwekwa kichwani mwa muuguzi mmoja anayekaribia kustaafu. Nikaenda likizo yangu ya mwisho. Niliporudi nikakuta geti jipya, la bluu, bawaba nene kama kifundo cha mkono, linafunguka kwa kidole kimoja. Kevin alisimama kando yake anatabasamu, anangoja nimsifu.

Jumanne ya kwanza ya mwezi Musyoka hakuja. Mwezi wa pili hakuja. Nikampigia simu.

"Sista, nilipita hapo nikaiangalia," akasema. "Imetengenezwa vizuri. Siwezi danganya watu kuhusu chuma."

Mungu wangu. Alikuwa amewadanganya watu kuhusu mama yake mzazi, lakini kuhusu chuma hawezi. Nikamwambia atume Mwende achukue dawa. Akasema ataangalia.

Wiki yangu ya mwisho kazini Mwende akaja mwenyewe. Hakukaa. "Dawa ziliisha kitambo," akasema. "Ananificha. Leo kutoka nyumbani hadi kazini nimemfuata kwa nyuma. Amesimama mara sita. Na saa hii hata hasalimii mtu."

"Nikupe dawa umpelekee."

"Sista, mimi sipimi presha. Na wewe unaenda. Ukishaenda, nani atamwita?"

Nilikaa mezani nikiwa na hasira ya kweli: na Musyoka kwa kiburi chake, na Kevin kwa bidii yake, na kanisa lao, na mstari wa mwisho wa kila ripoti duniani. Zaidi ya wote na mimi mwenyewe. Nilikuwa na siku tatu.

Haya, Kevin, hapa ndipo ulipokuwa unapangoja. Saa ya chakula cha mchana, nyote mlipokuwa mmeenda kula, nilichukua nyundo ya stoo nikaenda getini. Nilipiga mara sita, hakuna kitu. Fundi wako alifanya kazi nzuri. Mara ya saba bawaba ya chini ikajikunja, na bega langu likapata shida ambayo bado ninaikanda kwa mafuta moto. Mkamlaumu mtu wa mkokoteni wa maji, nami nikanyamaza. Naomba mumtake radhi kwa niaba yangu. Nikaandika kwenye daftari: geti linakwaruza, aitwe Fundi Musyoka.

Alikuja siku ya pili, Jumanne, siku ya kliniki, foleni imejaa. Alitembea polepole, rangi ya uso imemtoka. Akachutama getini, akapitisha kidole gumba juu ya bawaba.

"Sista, hii haijachoka. Hii imegongwa."

"Imegongwa."

"Na mtu hajui kugonga."

"Ni mimi."

Akabaki amechutama. "Umeharibu kazi ya fundi mwenzangu sababu yangu?"

"Ndiyo. Na wiki ijayo sitakuwa hapa nigonge tena."

Akainuka kwa shida, akafunga sanduku lake la vifaa bila kutoa kitu. Nilidhani anaenda nyumbani, na kwa kweli moyo wangu mimi ndio uliokuwa unasimama. Akanipita, akaenda hadi kwenye benchi, akaliweka sanduku chini, akakaa mwisho wa foleni. Aliyekaa karibu naye alikuwa Mama Ndinda na goti lake.

"Fundi, umekuja kutengeneza?" Mama Ndinda akamuuliza.

"Hapana. Nimekuja kliniki. Moyo."

"Si ulishuhudia?" Mama Ndinda akasema, taratibu.

"Nilishuhudia mishipa iko wazi, na iko wazi. Ni damu inachelewa. Hiyo sikuwa nimeambiwa wakati huo." Akanielekezea kidevu. "Uliza Sista."

Macho yote yakanigeukia. Basi nikasimama mbele ya ile benchi, na miaka yangu sitini na sare yangu ya siku za mwisho, nikashuhudia. Nikasema nilisoma mstari wa mwisho tu. Nikasema Fundi hakumdanganya mtu, alisema nilichomwambia, na kwamba nimemficha stoo miaka saba kwa sababu niliona aibu kama yeye.

Mama Ndinda akajikanda goti. Kisha akainuka, akampisha Musyoka akae mbele yake. "Pita," akasema. "Mimi hili goti nitangoja kidogo. Na nisikimbilie kulishuhudia."

Kadi yake iko sanduku la kwanza, mbele, imeangalia juu. Mtaiona. Muulizeni amesimama mara ngapi, na akisema alikuwa anasalimia watu, muulizeni ni nani hao. Kuhusu geti, najua bado linakwaruza. Nimempigia Musyoka nikamwomba alinyooshe hiyo Jumanne akiwa huko. Amekataa. Anasema siku ya kliniki yeye ni mgonjwa, mtafute fundi mwingine.